Kiganja cha Mbakisa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, gunia la mchele lilifika kwetu juu ya toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, na hakuna aliyeliagiza.

Kabla sijaendelea, nikuambie ukweli. Mimi ni mama yako mdogo tu, sijafikia umri wa kutoa nasaha. Shule niliiacha mapema. Kuandika nimejifunza kwa kusoma magazeti ya kufungia maandazi, na huo mstari wa kwanza nimeufuta mpaka karatasi ikatoboka. Lakini jana niliona ujumbe uliowatumia vijana wenzako: mtaa mzima usinunue tena mkate wa yule mwokaji mnayegombana naye. Nikaona nisingoje mpaka nijue kuandika vizuri.

Bibi yako aliuza mchele soko la Tshopo. Yeye na wenzake waliununua kwenye depo moja, ghala la jumla, kule Makiso. Desturi yetu unaijua: kopo likishajaa, muuzaji anaongeza kiganja juu, mbakisa. Pesa ya sokoni ilirudi kununua mchele mwingine. Mbakisa ya depo ndiyo iliyopikwa nyumbani. Basi patroni, mwenye depo, akakataa kuwapa tena. Akina mama walimwomba, akawacheka. Wakakubaliana kwamba hakuna atakayenunua kwake mpaka airudishe.

Depo nyingine ziliuza ghali, kwa hiyo meza nyingi zilibaki tupu. Tukaishi kwa chungu kimoja uani kwetu. Kila mama alileta alichopata: pondu, yaani majani ya muhogo, ndizi, samaki wadogo kutoka kwa wavuvi wa maporomoko. Hakikutosha. Mama yako alikuwa akikunyonyesha wewe, na maziwa yalikuwa yamepungua. Ulilia, mwanangu, sauti yako ikawa ndogo.

Ndipo gunia likafika.

"Mama Zaina, patron anakusalimia," mwenye toleka akamwambia bibi yako. "Hii iko mbakisa yako, wewe peke yako. Kesho ukuje kununua."

Patroni alijua akina mama wanamsikiliza nani.

Alipoondoka nikasema, "Mama, tufunge mlango tupike. Nani atajua?"

Bibi yako alikutazama wewe kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Utakulia wapi? Chini ya kitanda? Mama Sifa anakula na sisi kwa chungu moja. Utamupa pondu, halafu wewe unameza muchele? Hiyo mudomo yako itaweza?"

Mama yako akakuhamishia titi la pili.

Asubuhi bibi yako akalibeba gunia mpaka sokoni, akaliweka juu ya meza yake bila kulifungua, na juu yake akaweka kopo tupu. Kila aliyepita aliuliza.

"Iko ya patron," akajibu. "Aliisahau kwangu. Namungojea."

Soko zima likajua. Jioni patroni akaja mwenyewe. Alipoinama kulibeba, Mama Sifa akapaza sauti:

"Papa patron, unabeba yote? Hata mbakisa hauachie mama?"

Tulicheka mpaka wengine wakalia. Yeye hakucheka. Lakini siku chache baadaye mbakisa ilirudi.

Mama Sifa hakurudi mezani kwake. Mtaji wake wote aliula katika siku zile za meza tupu. Akaenda Bafwasende kuwapikia wachimba dhahabu, na hatukumwona tena. Watu wakisimulia jinsi tulivyoshinda, mimi humtafuta katika maneno yao, na simwoni.

Kwa hiyo, mwanangu, kukataa kununua ni haki yako, na mbakisa tunayopewa leo imetokana na watu waliokataa. Lakini kabla hujawaambia wengine wakatae, uliza ni nani atakosa chakula kwanza. Yule mama anayeuza mkate huo kwenye beseni hapo konani, umeongea naye? Anza na chungu cha wote, ndipo utume ujumbe. Na siku wakikuletea gunia lako peke yako, liweke mezani watu walione. Mkishinda, mhesabuni pia yule asiyekuwepo.

Mungu akupe mkono usiofungwa na zawadi ya siri, na usikose kamwe mtu wa kula naye. Na popote alipo Mama Sifa, amjazie kopo lake, kisha amwongezee juu.