Barakoa za Ng'ambo ya Barabara

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani ikitazama barabara. Ng'ambo waliishi wapinzani. Upande huu ulikuwa chama tawala kitupu, na mwenyekiti wa tawi ndiye mumewe, fundi bomba mwenye maneno mengi kuliko spana zake.

Ugonjwa wa mapafu ulipoingia, Mama Vifungo alishona barakoa. Watu wa ng'ambo walizigombania. Wa upande huu walicheka, maana viongozi wao walishasema jukwaani kwamba yale ni mafua tu, wapinzani ndio wanaoyakuza.

"Mke wangu, unawashonea maadui sare," mumewe alimtania.

"Basi vaa na wewe, tuone kama itakubana."

"Nivae hiyo? Kesho nitawaambia nini wenzangu?"

Ng'ambo nako walizika, hilo Mama Vifungo hakulikana. Lakini huku misiba ilifuatana hata maturubai hayakupata muda wa kukunjwa, na kila marehemu ilisemwa kafa kwa presha.

Kikohozi mumewe alirudi nacho kutoka kikao cha tawi, walikojazana chumbani na madirisha wameyafunga wapinzani wasisikie. Alipoanza kuhema akiwa amekaa kitako, mkewe alimsihi waende hospitali.

"Wakiniona na mpira wa hewa puani," alisema, akivuta pumzi kila baada ya neno, "nimekwisha."

Alipopoteza fahamu ndipo alipopakiwa kwenye gari la jirani. Daktari alimtazama mgonjwa, akauliza kwa upole kwa nini wamechelewa. Jioni Mama Vifungo alikuwa mjane.

Mazishini alivaa barakoa. Mdogo wa marehemu akamsogelea.

"Shemeji, vua hicho kitu. Unamwaibisha kaka."

Akavua. Hakuwa na nguvu za kubishana, na mama mkwe alikuwa amemwegemea begani, akilia, akikohoa.

Mama mkwe naye akafuata, nguo za msiba wa kwanza hazijafuliwa. Shemeji, aliyekwisha kurithi uenyekiti, aliwatangazia waombolezaji kwamba mama yake kauawa na uchungu wa mwana. Watu wakaitikia kwa kichwa. Mama Vifungo alikumbuka kile kikohozi begani mwake.

Siku hizi mteja wa ng'ambo akiulizia barakoa, humwambia kitambaa kimekwisha. Kipo, kabatini, jora zima. Hawezi tu kukigusa, tangu avue ile yake mazishini.