Siku ya Kukagua Viuno

Kanisani kwetu, kabla mtoto hajabatizwa, alivuliwa nguo na kukaguliwa kiuno. Wakaguzi walikuwa mwinjilisti na wazee watatu wa kanisa, na kilichotafutwa kilikuwa uzi. Huku kwetu upande wa Ilongero mtoto hufungwa uzi kiunoni akiwa na siku chache tu, awe wa mpagani, wa Mwislamu, au wa mzee wa kanisa mwenyewe. Kwenye uzi huning'inizwa kijiti cha dawa, cha kuzuia degedege na macho ya watu. Kanisa lilifundisha kwamba mwokozi ni mmoja tu, na mwenye uzi amejitafutia wa pili. Basi kila Jumamosi ya kumngojea mchungaji Mzungu, ambaye alifika mara moja kwa miezi mitatu, akina mama tulipangwa foleni nje ya kanisa kama ng'ombe wanaosubiri chanjo ya serikali. Tofauti ni kwamba ng'ombe hawaulizwi wanamwamini nani.

Hakuna uzi uliowahi kuonekana. Kila mama aliukata Ijumaa na kuufunga mwingine Jumatatu. Mke wa mwinjilisti alikata wa mwanawe mbele ya macho yangu, kwa kisu alichokuwa akikatia mlenda, akaniomba nimshikie mtoto asirukeruke. Mwinjilisti alijua. Wazee walijua. Mganga naye alijua, na wiki ya ubatizo hakusafiri, maana Jumatatu alikuwa na kazi nyingi.

Mtu wa mbali angecheka. Mimi nilishindwa, na sababu yake naiandika hapa bila kuipamba.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa msichana. Wakati huo nilikuwa nimetoka shule ya wasichana, darasa la kumi, na nilikuwa naamini kila kitu kilichosomwa kwa sauti. Mwinjilisti alikuja nyumbani akaniambia, "Wewe umesoma. Usifanye ujanja wa wenzako. Kata leo, uonyeshe umemtegemea mmoja." Nikakata. Nikautupa motoni, mama mkwe akitazama. Alichukua jembe lake akaenda shambani kwenye uwele.

Mtoto akashikwa na homa wiki mbili kabla mchungaji hajafika. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati ya mjini, nikarudi naye akiwa amefungwa shuka usoni.

Nilipoomba azikwe kwenye makaburi ya kanisa, mwinjilisti alikataa. Alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, akasema kwa upole kabisa, "Mama, mlango ni mmoja, naye hakuupitia."

Nikamwambia, "Angeupitaje, na ratiba ya kuufungua mnayo ninyi?"

Akasema huzuni inanisemesha. Mtoto akazikwa nyuma ya tembe letu. Mama mkwe, mpagani asiye na mlango wowote, ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemkalia matanga.

Kwa hiyo alipozaliwa wa pili, mvulana, na mama mkwe akaja na uzi wake, nilimwacha afunge. Nasema wazi: sikuuamini ule uzi, na siuamini leo. Nilichotaka kwa mwanangu ni ubatizo. Nilitaka aingie, aandikwe, asije mtu akasimama tena mlangoni kwangu na kofia mkononi. Lakini niliapa kwamba mkono wangu hautakata uzi mara ya pili kwa amri ya mwinjilisti.

Ijumaa ya kabla ya ubatizo wake kila mtu akanijia juu. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya kanisa, na kazi yake ilikaa ndani ya mfuko wa koti la mwinjilisti. Aliniomba kama anayeomba maji. "Kata tu, mke wangu. Ni kazi ya nusu dakika."

Jirani yangu aliyekuja kuazima kinu alimwunga mkono. "Mama Mwalimu, shida iko wapi? Jumatatu unafunga mwingine. Wangu nimeukata tangu asubuhi, mtoto mwenyewe hana habari."

Hata mama mkwe, akipepeta mtama, alisema kwa Kinyaturu, "Kata, mwanangu. Huyo wenu akishamaliza yake, sisi tutaendelea na yetu."

"Sikati, mama."

"Unauamini kuliko mimi?"

"Siuamini hata kidogo."

Aliweka ungo chini akanitazama. "Basi shule imekuharibu," akasema, lakini niliona amefurahi.

Jumamosi foleni ikaenda. Viuno safi, viuno safi, kila mtoto kama aliyezaliwa mbinguni. Nilipofika mbele nikaamkia, "Shikamooni," nikafungua shuka. Mwinjilisti akauona uzi, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama Mwalimu! Na wewe?"

"Na mimi, baba. Wengine wote nyuzi zao ziko nyumbani."

Nyuma yangu mtu alikohoa kicheko. Mwinjilisti akatoa mkasi wa cherehani ya mkewe akaninyooshea. "Kata."

"Sikati. Lakini sikuzuii. Mtoto huyu hapa, kata wewe."

Hilo hawakulitarajia. Mwinjilisti alitazama kile kijiti, cheusi, kidogo kama njiti ya kiberiti. Akautazama mkasi. Kisha akampa mzee wa kwanza, akisema kazi ya namna hii inamfaa mtu mzima zaidi. Mzee wa kwanza akasema macho yake hayaoni vizuri, asije akamkata mtoto. Akampa wa pili. Wa pili akasema mkewe ni mjamzito, na mtu mwenye mke mjamzito hashiki vitu kama hivi ovyo. Wa tatu alikuwa ameshaondoka kwenda kupiga kengele. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na saa yake ya kupigwa ilikuwa kesho yake.

"Mkasi unauma, wazee?" akauliza jirani yangu wa kinu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mwinjilisti na wazee watatu wa kanisa, wenye mwokozi mmoja anayetosha ulimwengu mzima, walishindwa na kijiti. Mwinjilisti akaona akasirike, maana ndilo lililobaki. Akafungua daftari akafuta jina la mwanangu. "Hujampokea Mwokozi wewe. Rudi nyumbani."

"Nimempokea. Ninyi ndio mnaogopa kijiti," nikasema, nikafunga shuka. Nilikuwa namwona yule wa kwanza.

Jumapili nilikwenda. Mume wangu alikaa upande wa wanaume akiangalia viatu vyake. Mchungaji alipoanza kuita majina, wenye watoto wakasimama mbele, nami nikasimama nao. Majina yakaisha, maji yakafika mwisho wa mstari, nami nikiwa bado nimesimama pale.

Mchungaji alikuwa mtu mrefu, mwekundu wa jua la njiani, na Kiswahili chake kilitembea polepole kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. "Mama huyu jina lake haliko?"

Mwinjilisti akamnong'oneza. Alinong'ona kirefu, kirefu kuliko mahubiri. Mchungaji akaja kwangu, akafunua shuka, akauona uzi.

"Mama, kwa nini hukati?"

"Kwa sababu hauna kazi yoyote, mchungaji. Wanaotaka ukatwe ndio wanaouogopa. Jana wazee wako walipokezana mkasi mpaka mmoja akakimbilia kengele."

Kwenye mabenchi ya nyuma watu walicheka, wakanyamaza upesi.

"Wa mtoto wangu wa kwanza niliukata," nikaendelea, na sauti yangu ikapanda bila ruhusa yangu. "Nilidhani nampendeza Mwokozi, kumbe nampendeza mwinjilisti. Mtoto akafa akikungoja wewe. Leo amelala nyuma ya nyumba kwa sababu hukuwahi kufika. Mnasema mwokozi ni mmoja. Nami nasema hivyo hivyo. Basi niambie: anamtosha mtoto huyu pamoja na uzi wake, au hamtoshi? Kama hamtoshi, niambie sasa, nirudi nyumbani nikapike."

Upepo ukaparuza mabati. Mwanangu akapiga chafya. Mchungaji akalirudisha shuka taratibu juu ya kiuno, kama mtu anayefunika chakula cha mwenzake, akauliza jina, akambatiza. Maji yalikuwa mengi. Nililoa mpaka kifuani.

Baada ya ibada nilimfuata kwenye gari lake. Nilimwuliza swali moja tu: yule wa kwanza yuko wapi? Alivua kofia yake ya jua. Akasema, "Sijui, mama."

Miaka miwili nilikuwa sijaambiwa hivyo na mtu yeyote wa kanisa. Nilitaka kumshukuru, na papo hapo nilitaka kumpiga. Kama neno hilo lilikuwepo, kwa nini hakumwachia mwinjilisti wake, nilipokuwa na maiti mikononi?

Gari likaondoka na vumbi lake. Wazee wakakutana wiki ile ile. Mwanangu hawakuweza kumfuta tena, maana ameandikwa kwa mkono wa Mzungu. Wakanifuta mimi. Nimetengwa na meza ya Bwana kwa kosa la kuwadhihaki wazee, na nimehamishiwa benchi la nyuma, pamoja na wapagani na wanaojifunza. Mtoto yuko ndani, mama yuko nje. Mume wangu bado anafundisha, kwa sababu wanahitaji mtu wa kufundisha hesabu. Akina mama wengine wote wako mezani. Jumatatu yake walifunga nyuzi mpya.

Mwezi uliopita mwinjilisti alinisimamisha njiani, akaniambia nikiomba radhi nitarudishwa kundini.

"Nimwombe Mwokozi?"

"Utuombe sisi."

"Nikimwomba yeye mwenyewe haitoshi?"

"Itatosha," akasema, bila kuona aibu, "baada ya kupita kwetu."

Nilimsimulia mama mkwe. Siku hizi anakuja kanisani, kwa kuwa benchi la nyuma halimkatazi mtu, naye anasema hawezi kuniacha nikae peke yangu na watu asiowajua. Alisikiliza akitafuna karanga, katikati ya mahubiri.

"Huyo mmoja wenu," akauliza kwa sauti iliyofika mpaka madhabahuni, "anajua kwamba hawa wanne wamesimama mlangoni kwake?"

"Nadhani anajua, mama."

"Nadhani, nadhani! Mwambie wewe. Usimtume mtu."

Mwinjilisti alinyamaza pale mbele, akangoja tunyamaze. Sikunyamaza. Nilimpakata mwanangu vizuri, nikafumba macho, nikaanza kumwambia Mwokozi mwenyewe, na nilikuwa na mengi.