Kiraka chenye Uso wa Askofu

Mkiniona hapa kijijini Isansa siku hizi nimevaa koti refu na jua linawaka, msiniulize. Nasema mwenyewe.

Suruali yangu ya kanisani, ya mtumba niliyoinunua Tunduma, ilikuwa imekwisha makalioni, imebaki nyepesi kama utando wa buibui. Na Jumapili baba askofu anakuja, na mimi mzee wa kanisa ndiye wa kumkabidhi jogoo! Fundi wetu nilimkwepa kwa sababu ana mdomo. Nikashika sindano mwenyewe, nikatia kiraka kwa ndani. Kitambaa nilikipata kwenye mabaki ya gauni la mke wangu, lile la kitenge cha jubilei ya askofu, chenye picha yake.

“Baba Neema, hicho si kina uso wa mtu?” mke wangu akashtuka.

“Kiko ndani, mama. Nani atauona?”

Jumapili nikajitokeza kifua mbele. Nilipomkaribia askofu, jogoo akachomoka mikononi mwangu. Nikainama kumkamata, nikasikia kitu kinachanika, nikadhani ni mabawa yake. Kanisa zima likaangua kicheko. Nikajua wanamcheka jogoo, basi nikazidi kuwaburudisha: nainama huku, nainama kule, mgongo nimempa mgeni. Mke wangu alikuwa amejifunika kitenge usoni.

Hatimaye nikamkamata jogoo, nikageuka nikihema. Askofu alikuwa ameshavaa miwani.

“Mzee,” akasema taratibu, “hebu geuka uiname tena. Yule si mimi?”