Siku Niliyobeba Unga wa Mkate Mgongoni

Mwenzenu nimewahi kubeleka unga. Msinitazame hivyo. Unga wa ngano, uliokandwa, nikauvika na kofia ya mtoto, nikaufunga mgongoni kwa mbeleko na kwenda nao kazini, tena siku ambayo mgeni kutoka wilayani alikuja kunikagua. Wanaonijua pale Mgwashi hawajaniacha mpaka leo, wenye umri wangu nikipita bado wananiuliza mtoto ameumuka vipi. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nasimulia mwenyewe, maana nikimwachia mtu mwingine ataongeza chumvi, na kisa chenyewe kina chumvi ya kutosha.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, kijiji kina shamba lake la pamoja, duka lake la ushirika ambalo mara lina sukari mara halina, na darasa la ngumbaro, yaani kisomo cha watu wazima. Mimi nilikuwa mwalimu. Asubuhi nafundisha watoto, Jumatano na Ijumaa saa nane mchana nafundisha mama zao. Nyumbani nilikuwa na Daudi wangu, miezi minane, na mama mkwe. Mume wangu alikuwa kule Bulwa kwenye kiwanda cha chai, anakuja mara moja kwa mwezi akinukia majani makavu, anakaa siku mbili, anaondoka.

Na juu ya hayo yote nilikuwa nachoma mikate. Kila Ijumaa jioni nachoma, Jumamosi napeleka gulioni. Wapo walioona ni uroho, kwamba mwalimu ana mshahara wa serikali anatafuta nini tena, lakini mimi nilikuwa najua natafuta nini: nilitaka tujenge nyumba ya matofali na tupanue shamba, ili baba Daudi aache kazi ya Bulwa arudi tule meza moja. Basi. Alikuwa ananiambia, "Mama Daudi, acha hata kimoja, utaanguka," na mimi namjibu kwamba sijaona cha kuacha. (Nilikuwa na kiburi, nakiri. Bado ninacho kidogo.)

Sasa mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema lakini mwenye wasiwasi, akapeleka maneno wilayani kwamba mwalimu wa ngumbaro ana shughuli nyingi, huenda akina mama hawafundishwi ila wanakaririshwa tu. Jibu likaja kwamba Bwana Afisa atafika Ijumaa kuwasikiliza wanafunzi wakisoma, na asiporidhika, darasa letu litafungwa na akina mama watahamishiwa darasa la kijiji cha ng'ambo ya bonde. Kushuka bonde lile na kulipanda ni mwendo wa saa mbili kwa mtu asiye na mzigo. Kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni na kuni kichwani, kuhamishiwa kule ni kufukuzwa tu kwa lugha ya adabu. Nilikuwa na wanawake kumi na saba ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wanatia dole gumba. Sikulala vizuri wiki ile.

Ijumaa yenyewe ikafika na baridi ya mwezi wa saba, ukungu umekaa juu ya migomba tangu asubuhi, kuni zimelowa, jikoni hakuna moto ila moshi. Nilikanda unga alfajiri kama kawaida, nikauweka kando ya mafiga. Niliporudi saa sita kula, unga uko vilevile, mgumu, umenuna. Na Daudi alikuwa na mafua.

"Mtoto haendi popote na ukungu huu," mama mkwe akasema. "Niachie hapa, wewe nenda kwa wageni wako."

"Haya, mama."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilitazama mbeleko ikining'inia kwenye msumari. Nikatazama unga. Nikafikiri: mgongo wangu leo ni mtupu, mgongo una joto kuliko jiko hili, na hakuna mtu katika Usambara yote atakayemshangaa mwalimu mama Daudi akiwa amebeba kitu mgongoni. Naenda, unaumuka taratibu, nikirudi saa kumi nachoma. Nani atajua?

Nikaufunga kwa kitambaa kilichonyunyizwa unga mkavu, juu yake kanga, juu ya kanga mbeleko. Ulikuwa na uzito wa Daudi kabisa. Nilipojitazama kwenye kioo nikaona juu pamekaa vibaya, pamekuwa bapa, mtoto hana kichwa, basi nikachukua kofia ya sufu ya Daudi nikauvika pale. (Hapa huwa naulizwa kama nilikuwa na akili timamu. Nilikuwa nazo, na zilinituma hivyo.)

Kuna jambo moja sijawaambia. Hamira ilikuwa imepotea madukani miezi mingi, na mikate yangu nilikuwa naiumua kwa boha, pombe yetu ya miwa. Mimi, kiongozi wa sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri! Boha nilipewa na Bibi Elizabeti, jirani yangu, mjane wa miaka sabini hivi aliyekuwa akiipika kwa ajili ya shughuli za ukoo, na alinipa kwa mlango wa nyuma ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Yeye ndiye peke yake aliyejua. Na yeye huyohuyo ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu bora.

Basi nikapanda kilima kwenda shule, nimechelewa, nakimbia, natoka jasho. Joto nililokuwa nalitafuta nikalipata lote kwa mara moja.

Nafika, Bwana Afisa ameshaketi mbele, suti yake ya Kaunda imenyooka, mwenyekiti pembeni yake, Mwalimu Mkuu ananikazia macho. Nikasalimia, nikaamkia, shikamoo zikaenda zikarudi. Bwana Afisa akatabasamu akasema, "Mtoto ametulia kweli, Mwalimu. Malezi mazuri." Nikamshukuru. Kweli nikamshukuru.

Tukaanza. Mama Yona akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma vizuri, nami moyo unapanda. Lakini nilikuwa nasikia mgongoni jambo linaendelea. Mbeleko ilikuwa inakaza. Mtoto alikuwa anakua. Kila nikiinama kuandika ubaoni nasikia kitu laini kinapanda kuelekea shingoni, na unyevu unashuka kiunoni. Mama Yona alipopita kurudi kwenye benchi akaninong'oneza, "Mwalimu, mwana amekojoa," nami nikamjibu kwa jicho akae chini.

Halafu ikaja harufu.

Wale waliowahi kuumua kitu kwa boha wanajua, kikipata joto kinajitangaza. Mwenyekiti akainua pua. Akanusa kushoto, akanusa kulia, akasimama.

"Samahani, Bwana Afisa. Humu ndani kuna mtu amekunywa."

Na macho ya mwenyekiti yakaenda moja kwa moja kwa Bibi Elizabeti, maana kijiji kizima kinajua nani anapika boha.

"Bibi," akasema, "siku ya wageni? Hata leo? Tafadhali toka nje."

Bibi Elizabeti aligeuka. Alinitazama mimi. Alijua, mara moja tu aliponusa alijua, kwa sababu ni boha yake. Angeweza kusema neno moja. Badala yake akachukua kibao chake cha kuandikia, akakiweka kwapani, akavuta kanga yake mabegani na kuanza kutembea kuelekea mlangoni polepole. Alikuwa amejifunza ukurasa wake wiki nzima ili ausome siku hiyo.

Nami nilinyamaza. Hapa ndipo ninapoona aibu kuliko kote. Hatua moja, hatua mbili, hatua tatu za mwanamke mzee, na mimi mwalimu wake nimefunga mdomo nikihesabu kwamba akitoka yeye, nabaki mimi, na nikibaki mimi darasa linabaki. Niliona ni busara. Hatua ya nne nikaona ni uchafu.

"Bibi akae!" nikasema, kwa sauti ya gwaride. "Hajanywa kitu. Harufu ni yangu."

"Yako?" akauliza Mwalimu Mkuu, kwa sauti ya mtu anayeanza kuumwa kichwa.

Kabla sijajibu mlango ukafunguliwa na mama mkwe akaingia, kanga imelowa ukungu, na mikononi mwake yuko Daudi, analia mpaka amekuwa mwekundu.

"Mama Daudi, mwanao amekataa uji, anataka ziwa," akasema. Kisha akaona wageni. "Shikamooni, jamani."

Bwana Afisa alimtazama Daudi, akatazama mgongo wangu, akamtazama Daudi tena.

"Una mapacha, Mwalimu?"

"Hapana, Bwana."

"Sasa huyo wa mgongoni ni nani?"

Nikanyoosha mikono kumpokea Daudi, na katika kunyoosha, fundo la mbeleko likaachia. Jamani. Unga ulitoka, kofia mbele. Ukateleza taratibu, mweupe, umevimba mara mbili, ukaning'inia kidogo kwenye kanga kana kwamba unaaga, ukaanguka sakafuni mbele ya viatu vya Bwana Afisa kwa mlio ambao nikiukumbuka nasisimka. Mama mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Mlungu wangu, mtoto!" na watu wawili wakasimama kukimbilia. Mama mkwe ndiye aliyeinama, akachota kidogo kwa kidole, akanusa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umeumuka vizuri leo."

Mimi nikakaa kwenye benchi, nikajifunika kanga, nikampa Daudi ziwa. Sikuwa na kingine cha kufanya. Na nikiwa nanyonyesha nikaeleza yote, boha, hamira, kuni mbichi, mikate, gulio, nikasema kosa ni langu peke yangu, na kwamba kama ni kufukuzwa nifukuzwe mimi, lakini akina mama hawa wanasoma, na Bibi Elizabeti asikilizwe akisoma kabla mtu hajaandika neno lolote kwenye ripoti.

Bwana Afisa akasimama. Kisha akamgeukia Bibi, ambaye bado amesimama mlangoni na kibao chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeambiwa hapa mnakaririshwa. Kitabu weka pembeni. Utanisomea hiki." Akachukua chaki, akaandika mstari mmoja ubaoni, akasogea.

Bibi akakaribia ubao, karibu kabisa, kwa sababu ya macho yake. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mwa... li... mu. Mwalimu. We... tu. Wetu. Mwalimu wetu. A... me... be... ba. Amebeba." Akasogeza kidole. Akasimama. Akamgeukia Bwana Afisa. "Hapa pameandikwa unga, mwanangu. Ndivyo ulivyotaka?"

"Endelea tu, bibi."

"Mwalimu wetu amebeba unga mgongoni." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na ni kweli."

Darasa likapasuka. Walicheka mpaka Mama Yona akashuka kwenye benchi akakaa chini. Mwenyekiti mwenyewe alijifuta macho, kisha akaenda kumshika Bibi mkono kwa mikono miwili akamwomba radhi mbele ya wote, na hilo sijalisahau. Bwana Afisa alingoja kicheko kiishe.

"Sentensi hii hajaikariri," akasema, "maana jambo lenyewe halijapata kutokea duniani. Mwenyekiti, darasa linabaki hapahapa." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Mwalimu, biashara yako ifanye baada ya kazi."

"Ndivyo ninavyofanya, Bwana. Leo imenifuata."

Msidhani niliokoka hivihivi. Mwalimu Mkuu alinisugulisha ile sakafu mpaka giza lilipokaribia, na unga ulioumuka ukishika saruji hautoki kwa urahisi. Wazee wa usharika wakaniita kuniuliza habari za boha, nikawaeleza kwamba motoni pombe inaruka na mvuke, unabaki mkate, wakashauriana kwa uzito mkubwa, kisha mmoja akauliza kama kuna kipande kilichobaki. Na jina la Mama Unga likanikaa, likanikaa kweli.

Lakini nawaambia nilishuka kile kilima jioni ile, mgongo umeganda unga, Daudi kalala kifuani, na nilikuwa najivuna. Najivuna mpaka leo. Bibi wa miaka sabini alisoma kitu ambacho hakuwahi kukiona, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Kilichoniuma kilikuja wiki iliyofuata. Mama Yona, ambaye nyumba yake iko mita chache kutoka shuleni na ana kuni kavu mwaka mzima, aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini hukusema? Unga ungekaa kwangu." Nilidhani mwanamke anayeweza ni yule asiyeomba mtu kitu. Tangu hapo kila Ijumaa unga ulikaa jikoni kwa Mama Yona, Daudi akalelewa na akina mama kwa zamu, nami nikaingia darasani na chaki tu. Sikuacha hata kimoja. Nyumba ya matofali ilisimama, na baba Daudi akarudi kutoka Bulwa na sanduku lake, akaketi kula nasi siku ya kawaida, si mwisho wa mwezi.

Na mgongo wangu umebeba watoto wengine watatu baada ya Daudi. Kila mmoja, kabla sijafunga mbeleko, nilimfunua kwanza nikahakikisha ana uso.