Siku Ghuba Ilipoganda

Naduk alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, na katika kijiji chao cha kaskazini mwa Greenland hakuna aliyetia mguu kwenye barafu mpya ya bahari kabla yake. Hakuna aliyemchagua. Zamani mumewe, Kilak, alipougua miguu, yeye ndiye aliyeshika fimbo ya chuma akaenda kuigonga barafu kupima unene wake, na tangu hapo watu wakazoea kungoja neno lake.

Mwaka ule ghuba ilichelewa. Oktoba nzima maji yalifuka mvuke kama chungu kilichoepuliwa, kisha yakatulia, yakang'aa kana kwamba yamemwagiwa mafuta. Ikaja rojo ya barafu, ikashikana, ikawa utando wa kijivu. Mara mbili mawimbi yaliuvunja. Mashua hazikuweza kupita kwenye rojo, wala sleji, magari ya kuburutwa na mbwa, juu ya utando. Na ng'ambo, mwendo wa saa tatu, binti yake Bibiane alikuwa amejifungua.

Siku moja ya Novemba Naduk alitoka na fimbo yake. Akagonga mara ya kwanza, ncha haikupenya. Mara ya pili, haikupenya. Ya tatu ndipo maji yakachungulia.

"Inasemaje?" mdogo wake Avataq aliuliza kutoka ufukweni.

"Inasema ufunge mbwa kwenye sleji."

"Dada, si ungoje hata kesho."

"Kesho utaniambia keshokutwa. Wewe hata kuzaliwa ulichelewa."

Avataq alicheka, akaenda kufunga mbwa.

Waliondoka na sleji mbili, kila mbwa na kamba yake, wametawanyika ili uzito usikae pamoja. Naduk alitangulia, moyo ukimdunda kama wa msichana. Katikati ya ghuba weupe wa barafu nene ukaisha. Mbele yao kulikuwa na mkanda wa barafu nyeusi, changa, wenye upana wa hatua mia. Mbwa kiongozi akasita, akamgeuzia uso.

Naduk akashuka, akagonga. Pigo la pili, maji. Lakini barafu ya maji ya chumvi haivunjiki ghafla kama ya ziwani, hunesa kwanza.

"Hapa hatusimami," alimwambia Avataq. "Nawe usinifuate mpaka nifike kwenye weupe."

"Na nikisikia unaita?"

"Sitaita. Utasikia nacheka."

Akajilaza juu ya sleji, akawahimiza mbwa. Barafu ikanesa chini yake kama kitanda cha kamba, wimbi dogo likikimbia mbele ya mbwa. Na kweli akacheka, mpaka mbwa wakaongeza mbio. Alipofika kwenye weupe aligeuka, akamwona Avataq anakuja, macho yamemtoka.

"Umeona raha?"

"Niulize nikifika nchi kavu."

Bibiane alikuwa mlangoni na mtoto. Walikuwa wamempa jina la Kilak, na kwa watu wale marehemu hurudi katika mtoto aliyepewa jina lake. Naduk alivua glavu kwa meno, akampokea.

"Mume wangu," alisema, "umenisubirisha miaka mitatu."

Mtoto akapiga chafya.

"Anasema unanuka mbwa, mama."

"Hata zamani alilalamika hivyo hivyo."

Avataq alipiga simu kijijini: wangoje weusi ukaze. Baada ya siku mbili sleji saba zilifuata nyayo za Naduk, na katika nyumba ya Bibiane, kwenye supu ya nyama ya sili na kelele, hapakuwa na pa kukanyaga.