Siku Nilipokisugua Kisu cha Babu

Mwezi uliopita nilikwenda Mwaya kwenye harusi ya mtoto wa binamu yangu. Sikupewa hata nafasi ya kupumua. Nilipomaliza tu kusalimia, wanawake wa nyuma ya nyumba wakanikabidhi kisu nimenye ndizi nao. Kilikuwa kisu cha chuma cha zamani, bapa lake jeusi. Binti mmoja aliyetoka mjini akaniambia, "Shangazi, kisugue kwanza, kichafu hicho." Nikacheka mpaka nikaweka ndizi chini. Ndugu yangu, kaa nikusimulie kwa nini.

Nilipokuwa darasa la nne niliishi na bibi yangu hapo hapo Mwaya, kando ya ziwa, wazazi wangu wakiwa kazini Mbeya. Nyumba ilizungukwa na migomba, na msimu wa kakao hewa yote ilinuka uchachu wa mbegu zilizofunikwa kwa majani. Mvua ikianza kupiga bati, hamsikilizani tena; mnaongea kwa mikono.

Bibi alikuwa na kisu cha kukunja chenye mpini wa mti. Babu alirudi nacho kutoka migodini Afrika Kusini, na baada ya babu kufariki, Bibi alikifunga kwenye pindo la kitenge chake. Kwa hicho alimenya mbalaga, zile ndizi za kupika, alikata kamba ya mbuzi, alitoa miiba miguuni mwangu. Bapa lilikuwa jeusi lenye ubuluu kidogo, kama mgongo wa samaki. Alikuwa akisema, "Kisu hiki kinamjua babu yako kuliko mnavyomjua ninyi."

Siku moja alikwenda msibani Busale, alale huko siku mbili. Akaniachia kisu nimenye ndizi, na shangazi wa nyumba ya pili aje kulala nami. "Kitunze," aliniambia, basi.

Sasa, mwalimu wetu alikuwa mtu wa usafi. Alikagua kucha, alikagua majembe ya shule, na msemo wake ulikuwa mmoja: "Chuma safi hung'aa." Nikaona niwe mjukuu mwema. Nilichukua majivu, mchanga na kumbi la nazi, nikakisugua kisu mchana kutwa. Weusi ukatoka. Jioni bapa liling'aa hadi nikaona meno yangu humo. Nililala nikiwa na furaha.

Asubuhi nilikikuta dirishani, mvua imenyesha, bapa zima lina madoa mekundu kama mtoto mwenye surua. Nilipoyafuta yakafutika kidogo, baada ya saa moja kutu imerudi. Nilikata ndizi mbivu nikaonja. Ilikuwa na ladha ya msumari. Hapo ndipo nilipoanza kulia. Kipigo sikukiogopa sana. Niliona nimemfuta babu, na Bibi hakuwa na kingine cha kumkumbukia.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja muuza samaki. Kila alfajiri alikwenda ufukweni kununua mbasa na usipa, na visu vyake vyote vilikuwa vyeusi. Nikamkimbilia.

"Ugonile, mama," nilimsalimia huku nikilia kwa kwikwi.

Alikigeuza kisu mkononi. "Nani kakivua nguo?"

"Ni mimi."

"Ule weusi haukuwa uchafu, mwanangu. Ni nguo ya chuma. Kisu kinachong'aa hivi kiko uchi, na mvua yetu haina huruma na aliye uchi. Nyamaza. Tutakivisha."

Tukaondoa kutu taratibu kwa majivu laini, tukakiosha kwa sabuni mpaka mafuta ya vidole yaishe. Akakata ndimu, akanipa nipake bapa lote. Mbele ya macho yangu chuma kikaanza kubadilika: kijivu, kisha zambarau, kisha buluu kama ziwa kabla ya mvua. Baadaye akanipeleka kwenye mgomba uliokwisha kukatwa mkungu. "Kichome humo, ukiache." Nilikaa pale nikikilinda kama kuku anayeatamia. Tulikitoa, tukakiosha, tukapaka ndimu tena, tukakirudisha mgombani. Mpaka adhuhuri ya siku ya pili kilikuwa cheusi, chenye mawingumawingu. Tukamalizia kwa mawese kidogo.

"Si kama cha zamani," nilisema.

"Hakiwezi kuwa. Lakini hakitaoza."

Hapo tukasikia sauti ya Bibi barabarani. Alikuja akikimbia, viatu mkononi, kitenge kimelegea. Njia panda mtu alikuwa amemwambia, "Mjukuu wako tangu jana yuko kwa muuza samaki, analia, ana kisu." Nikaanza kuungama, "Bibi, nimekiharibu kisu cha babu..." Hakunisikiliza. Alinishika mikono yote miwili akavihesabu vidole vyangu kwa Kinyakyusa, kimoja kimoja, hadi kumi. Kisha akaanza upya. Alipomaliza aliketi matopeni pale pale na kitenge chake kizuri cha msibani, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Ndaga fijo," alimshukuru jirani. "Ndaga, ndaga."

Kisu alikitazama baadaye sana, tukila. Alikata ndizi nacho, akatafuna, akasema, "Hakina ladha ya chuma. Kizuri." Usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Jirani yule sasa ni marehemu, na migomba ile imepisha kakao. Kisu nacho hakipo. Nilipokuwa chuoni mto ulifurika, ukaingia nyumbani kwa Bibi, ukabeba ghala la mpunga, kuku na sanduku lake, kisu kikiwa humo. Nilimpigia simu nikiwa na maswali mengi, na la kisu likanitoka mdomoni.

"Kimeenda," alijibu, kama anayeniambia mvua imekatika. "Sisi wote tuko shuleni juu mlimani, tunakunywa uji. Umekula wewe?"

Nikamwambia bado. Akanigombeza vizuri sana.