Ijaza Niliyoichezea

Bibi yangu aliniita mke mwenza tangu nilipozaliwa, kwa sababu kwa utani wa Kizanzibari mjukuu wa kike ni mke wa babu, hata kama babu mwenyewe ameshazikwa. Kwa hiyo nyumbani kwetu Al Khoudh, huku Uarabuni, mie nilikuwa na ruhusa ambayo hakuwa nayo mtu mwengine. Nilimfichia miwani. Nilimuiga anavyokoroma mbele ya wageni waliokuja kwa heshima zao zote. Mama akikunja uso, Bibi alisema, "Muache, wivu unamsumbua huyo."

Kitu kimoja tu utani haukukigusa. Kila siku baada ya sala ya Alasiri alibaki kwenye msala akasoma uradi wake. Nyuradi ziko tele, lakini huu alipewa na mwalimu wake Unguja, bibi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, mshona kofia, kabla hajaolewa. Haukuandikwa popote. Mwalimu anakushika mkono wa kulia, anasoma, unafuata, na mwisho anakwambia amekupa nawe unajibu umekubali. Hiyo ndiyo ijaza. Bila hiyo, alisema Bibi, unasoma maneno matupu. Kwa sababu hiyo aliusoma ndani kwa ndani, midomo inacheza, sauti haitoki. Akimaliza, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuoga wakati wa joto.

Nilikuwa nautaka uso huo. Sikumwambia mtu. Mtu anayejulikana skuli nzima kwa kumuiga mwalimu wa fizikia akipiga chafya hawezi kuamka siku moja akasema kwamba akisali hahisi kitu. Na ndiyo ilivyokuwa. Nasali zote tano, na ni kama kuzungumza na mtu aliyeiacha simu mezani akaenda zake jikoni.

Ijumaa moja nikalitia suala hilo kwenye sinia la wali, kama mchezo. Je, mtu lazima awe na sheikh? Mjomba wangu, kaka yake Mama, injinia anayekuja kutoka Al Amerat kila wiki kula na kutusahihisha, akadakia.

"Sheikh wa nini? Mola wako yuko karibu nawe. Unataka dalali?"

"Na weye," Bibi akamwambia, huku akichambua mwiba wa samaki, "sindano utajipiga mwenyewe?"

"Mama! Weye si unajidunga ya sukari kila asubuhi?"

"Nnajidunga. Na siku ya kwanza nani alinishika mkono? Si nesi?"

Nikacheka mpaka wali ukanipalia. Lakini jioni ile, Mjomba alipokwishaondoka, nilimfuata Bibi chumbani.

"Bibi, nipe na mie."

"Unanifanyia mzaha?"

"Wallahi, hapana."

"Haya. Kesho baada ya Alasiri. Uje na udhu, na hayo makucha ya rangi uyatoe."

Nikayatoa. Hapo nilikuwa mkweli. Ila simu niliiwasha ikarekodi, nikaificha ndani ya shela langu, kwa sababu binamu zangu wasingeamini kwamba mie nimekaa kitako dakika kumi bila kufanya ujinga. Bibi akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto. Akasoma kwa sauti, mara yangu ya kwanza kuisikia sauti ya uradi ule. Nikafuata. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne kitu kikanipanda kifuani, sijui nikiite nini, nikahisi sasa hivi nitalia mbele yake. Nikaogopa. Na mie nikiogopa, huchekesha. Nikabana pua: "Asante kwa kupiga simu. Kwa Kiswahili bonyeza moja, kwa Kiarabu bonyeza mbili."

Nikacheka peke yangu. Bibi akautoa mkono wake taratibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonivuruga. "Utapokuwa tayari, utakuja," akasema, akauendeleza uradi wake ndani kwa ndani, bila mie.

Sikwenda. Kulikuwa na mitihani, halafu kulikuwa na haya, halafu nikajiambia Bibi yupo tu, aende wapi.

Kusahau kwake Bibi kulianza na vitu vya kuchekesha. Akatia chumvi kwenye chai, na mie nikaigiza mgeni anavyoinywa kwa adabu. Akatandika msala kuelekea kabati. Nikasema, "Mke mwenza, leo unasalia nguo za babu?" na safari hii akafunga sala vile vile, uso kwenye kabati. Daktari akatuambia ubongo wake unapungua, na kwamba ya zamani ndiyo yanayobaki mwisho. Mama akashika hilo kama ahadi. Nami pia. Uradi ni wa zamani kuliko Mama.

Nikatoa rangi kwenye kucha tena, nikatia udhu, nikaenda kumkalia mbele. "Bibi, nipo tayari. Nipe."

"Nikupe nini, mwanangu?"

Nikamsomea mstari wa kwanza. Akaufuata baada yangu, vizuri kabisa, kisha akangoja. Hakuwa na wa pili. Nikarudi siku ya pili na ya tatu na wiki nzima. Ya zamani yamebaki kweli: kuta za nyumba ya mwalimu wake anazikumbuka, na kofia, na namna sindano ilivyolia kwenye kitambaa. Mwalimu amebaki. Alichokifundisha kimekwenda. Mjomba akaniambia kwa upole nisome nyuradi nyengine, zimejaa kwenye simu. Nimezisoma. Mtu yule wa jikoni bado hajarudi kwenye simu yake.

Kisha, Alasiri moja, Bibi aliingia chumbani kwangu amejifunga kanga vizuri, akakaa chini kwenye zulia ilhali mie niko juu ya kitanda na vitabu vyangu vya kemia. Akanyoosha mkono wa kulia.

"Mwalimu, nimekuja kuchukua uradi. Mama kaniruhusu."

Mama yangu alikuwa mlangoni nyuma yake. Akanitikisia kichwa: itikia, mwanangu, itikia tu.

Nikashuka chini. Nikatia kisikilizio sikioni, ndani ya shela, nikaitafuta rekodi ile ambayo sikumtumia binamu yeyote. Sauti ya Bibi ikanisomea sikioni, mie nikamsomea Bibi, naye akafuata, amefumba macho, kama mtoto anayeogopa kukosea. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Halafu sikioni mwangu mtu akabana pua akasema kwa Kiswahili bonyeza moja.

"Mbele, mwalimu," akasema Bibi.

"Mbele kesho."

"Na ijaza?"

"Ukimaliza."

Akanibusu mkono. Mie niliyekuwa nambusu wake kila asubuhi kabla ya basi la skuli.

Sasa anakuja kila siku. Hakumbuki kwamba jana alikuja, kwa hiyo hachoki. Mama anasema ni thawabu, namtuliza mzee. Labda. Mie najua ninamtendea nini: namfikisha pale pale nilipocheka, kisha namrudisha nyumbani kwao Unguja mikono mitupu. Kumwambia nimekupa siwezi, kwani nimpe nini?

Akishatoka huwa sijaizima rekodi. Inaendelea: kicheko changu, kirefu kuliko nilivyodhani, kisha ukimya, kisha Bibi akisema utapokuwa tayari, utakuja. Baada ya hapo ni shela linalosugua simu, na nyuma yake mnong'ono wa Bibi, pumzi tu. Anausoma uradi wote, mpaka mwisho. Nimeongeza sauti hadi inapokomea. Neno halisikiki.